Masika yameisha: nyanya zilizokauka na matembele yaliyotamba

Mwisho wa Mei, bustani za nyumbani hapa Dar es Salaam huwa zimeshatoa majibu yake. Mimi ni bibi shamba, mboga ndiyo kazi yangu, na msimu huu Kimara, Goba hadi Kigamboni kila ua nilioingia nilikuta hali ileile: matembele yamefunika ardhi, mchicha unakatwa na mwingine unagawiwa majirani, na nyanya zimesimama zimekauka.

Nianze na nyanya, maana ndizo zilizoumiza watu. Mzee mmoja wa Kimara alinipeleka moja kwa moja kwenye tuta lake. "Mwanangu, hizi jana jioni zilikuwa nzima. Leo zimelala." Alikuwa amekwisha kununua dawa ya ukungu na kuipiga. Nikamwambia, "Mzee wangu, dawa haina kosa, ila ugonjwa huu haumo kwenye majani." Kisha nikamwomba kisu na glasi ya maji safi.

Kipimo hiki kila mwenye bustani anapaswa kukijua. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya maji, ncha iliyokatwa ikizama kidogo, usikitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, maelfu kwa maelfu, waliojaa kwenye mirija inayopandisha maji. Ndiyo maana mche unalala ukiwa bado kijani: maji yapo ardhini, lakini njia imeziba. Kama nyuzi hazitoki, na majani yalianza kuwa ya njano kutoka chini, polepole, mara nyingi upande mmoja wa mche, fikiria mnyauko wa fusari, ambao ni ugonjwa wa kuvu.

Bakteria hawa hupenda joto na udongo uliolowa, na masika ya pwani yanawapa vyote viwili. Huingia kupitia vidonda vya mizizi, husafiri na maji yanayotiririka na pia na jembe lako, na hukaa ardhini miaka. Hakuna dawa ya kupiga itakayouponya mche uliokwisha kushikwa. Ung'oe na mizizi yake, uuteketeze, usiutupe kwenye mboji. Mahali hapo usirudishe nyanya, wala bilinganya, wala ngogwe, wala pilipili, maana zote ni ukoo mmoja na ugonjwa ni wao wote. Panda mahindi au mchicha. Kama ua wako ni mdogo na huna pa kuhamia, ondoka ardhini kabisa: jaza ndoo au viroba udongo wa mahali ambapo jamii hiyo haijawahi kupandwa, changanya na samadi iliyooza vizuri, na uviinue juu ya matofali ili maji ya mvua yasiingie kutoka chini.

Wapo waliookoka mnyauko na bado hawakuvuna. Miche mirefu, majani mazito, maua tele, kisha maua yote chini. Dada mmoja wa Goba alikuwa na uhakika kwamba mbolea ndiyo iliyopungua. La hasha. Nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa na ubaridi, nyuzijoto 15 hadi 20 hivi. Usiku wa Machi hapa Dar huwa na nyuzi 24 au 25. Katika joto hilo chavua hudhoofika, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chavua hugandamana, haidondoki. Kumwaga mbolea ya naitrojeni hapo ni kuongeza majani tu. Nawasihi sana watu wasitumie fedha kutibu kalenda kwa mbolea.

Kantangaze hakuwa tishio kubwa mvua ilipokuwa nzito, lakini kiangazi ndicho wakati wake. Kiwavi huyu alitoka Amerika Kusini na kuonekana Tanzania mwaka 2014. Huchimba mahandaki ndani ya jani, kwa hiyo dawa za juu juu hazimpati. Kwenye bustani ya miche michache, vidole ndiyo silaha bora: chuma kila jani lenye madoa meupe ya mahandaki, lifunge kwenye mfuko, liache juani.

Sasa furaha. Matembele yametamba kwa sababu hayaombi tunda wala ua, tunachotaka ni jani, na jani la kiazi kitamu hupenda joto na mvua. Marando yaliyochomekwa mvua za kwanza za Machi zilipoanza yalikuwa yanachumwa kabla Aprili haijaisha. Mchicha nao umeumbwa kwa jua kali, unatengeneza chakula chake vizuri palepale ambapo chainizi inalegea. Walioung'oa mzima mapema, wiki ya tatu au ya nne, walikula vizuri. Waliouacha uzeeke kwenye msongamano wakapata vipele vyeupe chini ya majani. Bamia zilizaa sana, isipokuwa kwenye mchanga wa Kigamboni, ambako ukiing'oa unakuta mizizi ina mafundo ya minyoo. Huko, Januari na Februari, lowesha tuta, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga wiki nne hadi sita. Joto hilo hupunguza minyoo sana.

Basi nyanya tunazo, ila zinakuja sasa. Kipupwe ndicho msimu wake pwani. Julai usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19, mvua zimepungua, na ua litashika. Kitalu kiwe kimesiwa katikati ya Mei. Waliochelewa wasie wiki hii. Miche ihamishwe ikifikisha wiki tatu au nne, na mavuno yaanze miezi miwili hadi miwili na nusu baadaye. Tanya na Tengeru 97, aina zilizotolewa rasmi mwaka 1997 kutoka Tengeru, Arusha, zina tunda gumu lenye ganda nene, na si chotara, kwa hiyo mbegu unaweza kujiwekea. Weka matandazo ya nyasi kavu, mwagilia kila siku kwa kipimo kilekile, hasa kwenye viroba. Maji yakija leo mengi na kesho hakuna, madini ya chokaa (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda na kitako kinaoza, hata kama umelijaza tuta maganda ya mayai. Na mwagilia chini, kwenye shina, asubuhi, majani yabaki makavu.