SAS na Navy SEALs: nani kiboko ya mwenzake?

Mjadala wa makomando ukianza kijiweni, haukawii kufika hapo: SAS wa Uingereza au Navy SEALs wa Marekani, nani mkali zaidi? Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Linawafanya timu mbili za ligi moja, wakati kila kikosi kilizaliwa na kazi yake.

SAS iliundwa mwaka 1941, katika vita vya jangwani Afrika Kaskazini, ili kuvamia nyuma ya safu za adui. Hadi leo mchujo wake humpima mtu akiwa peke yake. Anapanda milima ya Brecon Beacons, Wales, mzigo mgongoni, bunduki mkononi, ramani na dira, ukungu umetanda. Hafokewi, wala hapewi moyo. Safari ya mwisho ni kama kilomita 64, kwa saa 20. Kifua kipana hakimsaidii aliyeisoma ramani vibaya.

SEALs, walioanzishwa 1962, ni watu wa bahari. Katika mchujo wao huko Coronado, California, hubeba boti ya mpira vichwani, wote pamoja. Mmoja akilegea, uzito unawaangukia wenzake. Hulala kwenye mawimbi ya baridi wameshikana mikono. Wiki ya Jehanamu, sehemu ngumu kabisa ya mchujo huo, huchukua siku tano na nusu, na usingizi wote haufiki hata wa usiku mmoja wa kawaida. Anayeshindwa hugonga kengele mara tatu, ishara kwamba amejitoa.

Ukitaka wenzao wa kweli Uingereza, watazame SBS, makomando wa majini ambao vijiweni hawatajwi kabisa.