Je, wajua kwa nini injini hugoma kwenye sentimita ya mwisho?

Unabadilisha injini nyumbani. Ile mpya imeshaning'inizwa kwenye winchi, imeshuka mahali pake, imelingana na gia boksi, halafu inasimama. Kati ya nyuso mbili za chuma imebaki nafasi ya upana wa kidole, na haisogei tena. Kwa nini igome hapo? Na zile bolti ndefu za pembeni ni za kazi gani kama si kuivuta imalizikie?

Wengi hujibu kwamba ndizo za kuvuta, wakiwemo watu waliokwisha kushusha injini zaidi ya moja. Si kweli, lakini kosa hili lina sura ya ukweli. Kwenye gari karibu kila kitu huketi kwa kukazwa: kichwa cha injini, gurudumu, sampu. Tena ukijaribu utafanikiwa. Kaza bolti ya juu kidogo, ya chini kidogo, rudi ya juu, na nafasi itaziba. Aghalabu hutasikia hata mlio. Hatari yake iko hapohapo, kwa sababu kilichoharibika kiko ndani na hakionekani.

Angalia nguvu yenyewe. Bolti ya milimita 10 ikikazwa kwa nyutoni-mita 45 hubana kwa nguvu ya kiasi cha uzito wa tani 2. Gia boksi nyingi zina bolti sita au zaidi. Nguvu kama hiyo haichagui: itabana nyuso zilizokutana vizuri, na itasaga vilevile meno ya pampu yaliyokaa vibaya. Kazi ya bolti ni kushikilia nyuso ambazo tayari zimekutana. Kukutana kwenyewe kunatakiwa kufanywe kwa mikono, bolti zikiwa zimeingizwa kwa vidole tu. Kikwazo kimoja ni chepesi: doweli, yaani zile pini mbili za kulinganisha, zikiwa na kutu zinaweza kubana milimita 2 au 3 za mwisho. Zisafishe kwa msasa na uzipake grisi kidogo kabla ya kuanza.

Kwenye gari la otomatiki, mzuiaji wa kawaida ni toki konvata, lile duara zito lililojaa oili linalokaa kwenye mdomo wa gia boksi. Shingo yake inatakiwa ishike vitu vitatu vilivyo ndani ya tundu moja: meno ya shafti inayoingiza mzunguko kwenye gia boksi, meno ya bomba lisilozunguka linaloizunguka shafti hiyo, na mwisho kabisa masikio ya gia ya pampu ya oili. Ni kama ufunguo mmoja wa makufuli matatu yaliyopangana; kufungua mawili hakukufikishi ndani.

Namna ya kuikalisha inafanana na kifuniko cha chupa ya dawa kinachotaka usukume huku ukizungusha. Bonyeza konvata kwa viganja viwili, izungushe polepole, na usubiri. Itadondoka ndani ghafla, mkono utausikia mgongano wa chuma. Endelea. Itadondoka tena. Wengi huachia hapa, kwa kuwa konvata imeshaanza kuzunguka vizuri na inaonekana imekaa. Mdondoko wa mwisho, ule wa pampu, ndio unaosahaulika, na ndio sentimita inayokosekana. Ukiivuta kwa bolti, shingo ya konvata inaisukuma gia ya pampu badala ya kuingia ndani yake. Pampu hupasuka, mara nyingi injini inapowashwa kwa mara ya kwanza, na gari halitembei.

Uhakika ni wa kupima. Laza rula ya chuma kwenye mdomo wa gia boksi, kisha pima kina kutoka kwenye rula hadi kwenye vikalio vya bolti vya konvata. Kipimo hutofautiana kwa kila gia boksi, kwa hiyo kichukue kwenye kitabu cha gari lenyewe, usiazime cha gari jingine.

Kinachoshangaza ni kwamba konvata hutoka mahali pake bila mtu kuigusa. Injini ya zamani inapovutwa mbele, konvata iliyonata kwenye sahani ya nyuma ya injini hufuatana nayo kidogo, kisha inabaki njiani. Mara tu injini ikitoka, funga kipande cha bati kwa bolti mbili mbele ya konvata, ukiondoe dakika ya mwisho.

Kwenye gia za mkono mzuiaji ni sahani ya klachi isiyokaa katikati. Ilinganishe kwa shafti ya plastiki kabla ya kukaza kava ya klachi. Na usiache gia boksi ining'inie kwenye sahani hiyo hata kwa dakika moja. Kitovu chake hupinda na klachi haitaachia vizuri hadi uifungue tena. Kama injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, angalia kwanza nyuma ya kranki, yaani shafti kuu ya injini: beringi ndogo ya kupokea ncha ya shafti huenda haipo.

Pengo lenyewe husema tatizo ni lipi. Likiwa sawa pande zote, shuku konvata au sahani ya klachi. Likiwa pana juu, pua ya injini au mkia wa gia boksi umeshuka. Inua kwa winchi au jeki. Likiwa pana chini, kimoja kimepanda mno.

Nyuso zikishakutana, konvata iwe bado inazunguka kwa mkono, na ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 hivi kabla ya kuvutwa mbele ifungwe kwenye sahani ya nyuma ya injini. Ikiwa imeshagusa na imebana, tenganisha uanze upya. Tumia bolti zake zilezile, kwa sababu ndefu kidogo tu hubonyeza uso wa konvata kwa ndani.

Kagua pia doweli. Mara nyingi hubaki kwenye bloku ya injini ya zamani, na injini nyingine hufungwa bila hizo. Bolti zina nafasi ndani ya matundu yake, hivyo gia boksi hukaa pembeni kwa sehemu ya milimita. Gari litawaka na litatembea, kisha sili ya mbele itaanza kuvuja, bushi ya pampu italika, na sahani ya nyuma ya injini itapasuka kuzunguka bolti za kranki.

Kabla ya kurudisha betri, shika bolti ya puli ya kranki kwa spana na uizungushe injini mizunguko miwili kamili. Kama inakwama sehemu moja kila ikifika, usijaribu starta.