Je, wajua kwa nini simenti nusura iliue kanisa la tope lililosimama miaka 150?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nyumba ya tope ukiipiga plasta ya simenti umeiokoa. Nje inakuwa ngumu, mvua haiingii, habari ya kukandika kila mwaka imekwisha. Kwa hiyo nilipoona picha za waumini wa Ranchos de Taos, kijiji cha jimbo la New Mexico kule Marekani, wamezunguka kanisa lao na ndoo wanalipaka tope kwa mikono, nikajiambia hawa hela ya simenti haijapatikana. Sivyo kabisa. Kanisa hilo lilishapigwa simenti, mwaka 1967, na mwaka 1979 walikuwa wanaibandua wenyewe kwa sababu ndiyo iliyokuwa inalimaliza.

Historia yake kwa haraka. Wahispania walihamia New Mexico mwaka 1598, mapadre Wafransisko wakasambaa kwenye vijiji vya Wapueblo, wenyeji wa huko, na kila mmoja anataka kanisa kubwa, kwenye nchi kavu yenye udongo wa kumwaga na miti mirefu ya kuifuata mbali milimani. Wakajenga kwa matofali mabichi, yale ya udongo na majani makavu yanayofyatuliwa kwenye kalibu ya mbao na kuanikwa juani bila kuchomwa. Wao wanayaita adobe, neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu, at-tub, yaani tofali. Kanisa la Pecos, kimoja cha vijiji hivyo, lililokamilika 1625 linakadiriwa kula matofali 300,000, na walioyabeba ni Wapueblo, wengi wao wakiwa hawana namna ya kukataa, ndiyo maana mwaka 1680 walipoinuka dhidi ya Wahispania wakiongozwa na mwenzao Po'pay, kanisa hilo lilikuwa kati ya yaliyochomwa moto. Padre Alonso de Benavides aliandika mwaka 1630 kwamba kwa Wapueblo kujenga kuta ilikuwa kazi ya wanawake, na hadi leo fundi wa kukandika huko anaitwa enjarradora, jina la kike. Hili napenda watu walijue, maana ukisoma "kanisa la padre fulani" unaweza kudhani padre ndiye aliyeshika tope.

Kanisa la Ranchos de Taos, San Francisco de Asís, ni la baadaye, lilikamilika mwaka 1816 hivi, na waliosali humo wengi walikuwa walowezi wa Kihispania, ila ujenzi ni ule ule wa makanisa ya misheni. Mgongo wake ndio maarufu, kuta nene zenye maegemeo yaliyovimba chini kama mguu wa tembo, mchoraji maarufu wa Marekani Georgia O'Keeffe kauchora na mpiga picha Ansel Adams kaupiga picha.

Sasa turudi kwenye simenti.

Ukuta wa tope unakunywa maji, na haunywi kwa juu tu, unakunywa hata kwa chini. Fikiria utambi wa koroboi, mafuta yako chini kwenye kopo lakini yanapanda yenyewe mpaka juu kwenye moto bila mtu kuyasukuma, kwa sababu utambi una vinjia vidogo vidogo na vinjia hivyo vinayavuta. Tofali bichi nalo ni hivyo hivyo. Ardhi ikilowa kwa mvua au kwa theluji inayoyeyuka (na Taos iko juu sana, zaidi ya mita 2,000, theluji ipo), unyevu unapanda ukutani taratibu. Huwezi kuuzuia wote. Kinachouokoa ukuta ni kwamba unyevu ukishapanda unatokea nje, unafika kwenye uso, jua na upepo vinauchukua.

Hapo fikiria mtungi wa maji wa udongo, ule wa bibi unaokaa kwenye kona yenye kivuli. Ukiushika kwa nje una jasho, maji yanapenya kidogo kidogo na kukauka, ndiyo maana maji ya mtungi yanakuwa baridi. Sasa chukua mtungi huohuo uupake rangi ya mafuta nje nzima. Jasho linakoma. Maji hayajaondoka, yamekosa mlango tu.

Simenti ndiyo hiyo rangi ya mafuta. Haizibi asilimia mia, lakini inapitisha mvuke kidogo mno kuliko tope, na tena ina shida ya pili: tope likilowa linavimba, likikauka linasinyaa, simenti haichezi nalo. Inapasuka. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele, huuoni ukiwa mbali, ila mvua inauona, inaingia, na ikishaingia haina pa kutokea. Ni kama kuvaa buti za mpira zilizotoboka, maji yanaingia kwa urahisi na unatembea nayo siku nzima. Wakati wa baridi maji hayo yanaganda humo ndani, yanatanuka, yanavunja zaidi. Tofali bichi likiwa kavu linabeba mzigo mzito sana, likilowa linarudi kuwa tope, na juu yake kuna boriti za paa zinasubiri.

Kibaya zaidi ni kwamba hakuna anayeona, kwa nje kanisa safi, gumu.

Hili nimeliona kwa macho yangu, si Taos, ni kwenye nyumba ya bibi yangu. Tulimpigia simenti chini kuzunguka ukuta kama mita moja hivi, tukaona tumemfanyia jambo kubwa. Baada ya misimu michache ukiigonga ile plasta inalia kama debe tupu. Siku moja kikabanduka kipande cha upana wa sinia, nyuma yake udongo ulikuwa mbichi, unachoteka kwa kijiko, wakati ule wa juu ambao hatukuugusa, uliokandikwa na bibi mwenyewe, ulikuwa mkavu na mgumu. Fundi wetu alifanya tulichomwagiza, sisi ndio tulioagiza vibaya.

Kwa hiyo lile tope linalooshwa na mvua kila mwaka halijashindwa kazi. Kazi yake ndiyo hiyo, liondoke lenyewe ukuta ubaki, kisha lirudishwe. Na lina faida nyingine, pakilowa panabadilika rangi, unapaona siku hiyohiyo na kujua paa linavuja wapi.

Lakini tusiibebeshe simenti lawama yote. Paa bovu na mitaro iliyoziba vinaua kuta hizi hata bila plasta, na ukimwaga zege chini kuzunguka kanisa unyevu wa ardhini unakosa pa kutokea unahamia ukutani. Pia watu wanasema ukuta "unapumua", neno zuri ila linachanganya, kwa sababu kinachopita ni mvuke wa maji, hewa haihusiki sana. Na si misheni zote ni za tope: San Xavier del Bac kule Arizona, kwenye ardhi ya wenyeji waitwao Watohono O'odham, iliyojengwa 1783 hadi 1797, ni ya matofali ya kuchoma na chokaa. Hata hiyo simenti iliitesa, mafundi wakaibandua wakarudisha chokaa iliyochanganywa na utelezi wa dungusi kakati, kama ilivyokuwa desturi ya huko. Wanaotunza majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaijua shida hii vizuri sana.

Ranchos de Taos sasa wanakandika kila mwaka, kiangazi kinapoanza. Udongo unachekechwa, unachanganywa na mchanga, maji na majani makavu yaliyokatwakatwa, unapakwa kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini, na enjarradora wa jadi alimalizia kwa kipande cha ngozi ya kondoo kilicholowa, analainisha kwa kuzungusha mkono. Likishakauka, vipande vya majani vinabaki juu ya uso wa ukuta, na jua la jioni likilipiga kanisa kwa ubavu vinang'aa kimoja kimoja.