Mawe ya Mwanza sio ya kupigia picha tu

Ukishuka Kamanga feri karibu kila siku utakuta watu wanapiga picha na Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mawe mengine ziwani, maharusi, wanafunzi, wageni wa semina, na sio vibaya, jiwe linavutia kweli. Shida inakuja ukiuliza lilifikaje pale juu. Kuna wanaosema Wajerumani walilipandisha na kreni, wengine wanasema maji yalilibeba enzi za mafuriko makubwa, na wengine ndo wanakuangalia tu.

Hakuna aliyelipandisha. Mawe yetu haya, ya ziwani, ya Capripoint, yale ya Bugando na Mabatini yenye nyumba juu yake, ni graniti, mwamba ulioyeyuka ukapoa taratibu sana chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ule mwamba ulipopoa ukawa na nyufa, maji ya mvua yakazama humo yakawa yanaulainisha kuanzia kwenye pembe, na pembe ndo huoza kwanza kwa sababu zinashambuliwa pande zote, kwaiyo katikati kikabaki kiini kigumu cha mviringo kinachobanduka maganda kama kitunguu. Alafu mmomonyoko ukaondoa udongo laini, viini vikabaki juu ya viini. Yaani Bismarck lilikuwa limekaa hivohivo juu ya mwenzake likiwa bado limefukiwa, kilichoondoka ni udongo.

Jina lenyewe ni la Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, ambaye Mwanza hakuwahi kufika. Wajerumani walianzisha mji hapa mwaka 1892. Kabla yao tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa akiwa upande wetu huu akalipa jina la malkia wake, Victoria, wakati watu wa hapa wana Nyanza yao siku zote. Hayo ya majina tuyaache maana yakianza hayaishi.

Mi nataka tushuke chini ya maji, maana mawe hayaishii pale unapoyaona, yanaendelea mpaka ndani, na huko ndiko kwenye urithi ambao hata wenyeji wengi hawaujui. Wote tunamjua furu, yule samaki mdogo wa miiba. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Cha ajabu zaidi ni kwamba tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha ziwa lilikauka, na maji yakarudi kama miaka 15,000 hivi iliyopita, kwahiyo hizo aina zote zimetokea ndani ya muda mfupi mno, kwa hesabu za viumbe hiyo ni jana.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, huku kwetu akafumuka miaka ya 1980, akawamaliza furu wa maji ya wazi, inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Simlaumu sangara, ndo ametupa viwanda, mabondo (yale mapafu yake ya kuelelea) na mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikitolewa), watu wamesomesha watoto kwa sangara. (Na kabla hujajivunia sato wa kuchoma, huyo tunayemla kwa wingi naye ni mgeni, mwenyeji ni ngege.) Ila kuna furu ambao sangara hakuwaweza vizuri, wale wanaoishi kwenye mawe, wavuvi wa huku wanawaita mbipi, wao wakiona hatari wanaingia kwenye nyufa na sangara na ukubwa wake haingii.

Kati ya mbipi kuna mmoja anaitwa kwa jina la kisayansi Pundamilia nyererei, ndiyo, amepewa jina la Mwalimu Nyerere, mwaka 1985. Dume lake ni jekundu mgongoni. Ana ndugu yake wa karibu, dume la bluu, na wote wanakaa kwenye mawe yaleyale ya Ghuba ya Mwanza, wa bluu juu juu na mwekundu chini kidogo. Majike wao huchagua dume kwa rangi, kwaiyo maji yakiwa safi, kama kule kisiwa cha Makobe, kila jike linaenda kwa dume la rangi yake na aina mbili zinabaki mbili. Maji yakiwa na tope rangi hazionekani, majike yanachanganya, na kule kisiwa cha Luanso ndani ya ghuba ambako maji ni machafu zaidi unakuta samaki wengi ni wa katikati, sio mwekundu sio bluu. Hakuna aliyewavua wakaisha, wamepotea kwa kutoonana.

Sasa hilo tope linatoka wapi? Linatoka kwetu. Vilima vinachimbwa kokoto na kukatwa miti, mvua ikinyesha udongo wote na taka zinashuka Mto Mirongo ambao unapita katikati ya jiji hadi ziwani, ongeza maji ya vyoo, ongeza gugu maji lililotusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Urithi wa watu nao upo mwambao huohuo, reli iliyofika mwaka 1928, meli ya MV Victoria iliyoanza kazi 1961, mwalo wa Kirumba, yaani pale samaki wanaposhushwa, ambako dagaa wanapakiwa kwenda mpaka Kongo, na makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Hayo watu wanayakumbuka bila kukumbushwa.

Ambaye hajafika Saanane aende, boti zinaondokea Capripoint, ni dakika chache tu. Kisiwa kimebeba jina la mzee aliyekuwa akiishi pale, kikawa bustani ya wanyama mwaka 1964 na hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndo ndogo kuliko zote nchini. Kuna pimbi, furukombe na yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, Agama mwanzae.

La mwisho ni la wenye viwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 maji yalipopanda wengi walioziba mwambao waliyaona sebuleni. Ukiuziwa kiwanja huko pita kwanza kwa afisa mazingira wa halmashauri, kabla hujamwaga kifusi wala kupasua jiwe.