Umeambiwa una kisukari, na huumwi popote

"Daktari, mbona siumwi popote?" Swali hili nalisikia mara kwa mara kliniki, hasa kwa mtu aliyegundulika na kisukari alipokuja kupima presha tu. Hana kiu ya ajabu, haamki usiku kukojoa, nguo hazijamlegea. Karatasi inasema sukari ni 9.8 (mmol/L) kabla ya kula, naye anajisikia mzima. Nataka nilijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaonirudia na kidonda au macho yenye ukungu ni wale walioamua kusikiliza mwili na kuipuuza karatasi.

Wanga tunaokula huingia kwenye damu kama sukari. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoiwezesha misuli kuipokea sukari hiyo na kuitumia. Katika kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho walicho nacho wengi wa watu wazima wenye kisukari, mwili hauitikii insulini ipasavyo. Kongosho hujikakamua, hutoa nyingi zaidi, kisha taratibu huchoka. Ini nalo huendelea kumwaga sukari usiku kucha, ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kula akaamka na 10. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya jicho, ya figo na ya fahamu miguuni. Uharibifu huo hauna maumivu mwanzoni. Wengine tunawakuta nao siku ileile ya kwanza ya kugundulika, na kwa sababu hiyo naagiza macho, mkojo na miguu vipimwe mapema, kisha kila mwaka.

Namba zenyewe: 7.0 na kuendelea kabla ya kula ni kisukari, ila kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujabandikwa jina hilo. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita; 6.5% na zaidi ni kisukari. Kipimo hiki hutegemea chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo kama una selimundu, una upungufu mkubwa wa damu au umeongezewa damu karibuni, sema. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hufa mapema, na majibu yanaweza kuonekana mazuri kuliko hali ilivyo.

Tuje kwenye sahani. Karibu kila mgonjwa mpya ananiambia, "Nimeacha sukari kabisa." Ninapouliza alichokula jana, chai ilikuwa chungu kweli, lakini ilisindikizwa na chapati mbili, mchana ugali mkubwa, usiku wali. Ugali, wali, mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi za kupika vyote huishia kuwa sukari kwenye damu. Dona lina nyuzinyuzi zaidi ya sembe, na ninalipendekeza, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Asali ni sukari. Juisi ya embe uliyokamua mwenyewe bila kuongeza chochote ni sukari pia; heri ule kipande cha embe lenyewe. Na usitumie fedha yako kununua unga wa bei mbaya ulioandikwa "kwa wenye kisukari".

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, mnafu, bamia. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au kuku, na robo iliyobaki iwe ugali au wali. Kwenye nyumba zinazokula sinia moja, omba upakuliwe pembeni, la sivyo hutajua umekula kiasi gani. Sipendi kabisa kuona mgonjwa anapikiwa chungu chake. Mlo huu unawafaa watoto na mwenzi wako vilevile, na mtu anayekula peke yake huchoka haraka. Baada ya kula tembea kidogo, hata kama ni kwenda dukani na kurudi.

Dawa ya kuanzia kwa wengi ni metformini. Huweza kuvuruga tumbo wiki za mwanzo. Imeze na chakula, na ukizidiwa rudi tupunguze dozi badala ya kuitupa. Sentensi inayonisikitisha kuliko zote ni hii: "Sukari ilishuka, nikaacha dawa." Ilishuka kwa sababu ya dawa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998, uliofuatilia kwa miaka watu waliokuwa wamegundulika karibuni, ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa ukaribu zaidi hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa takriban robo. Wapo wanaopunguza uzito sana mapema hadi tukawasimamishia dawa, lakini huo ni uamuzi wa kufanya pamoja, na vipimo vikiendelea.

Kila usiku kagua nyayo na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, mwombe mtoto akuangalizie. Usikanyage peku, usikande miguu kwa maji ya moto, usichonge sugu kwa wembe. Mguu wenye ganzi unaweza kuungua usijue.

Jambo la mwisho lazima walijue wa nyumbani pia. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Ikiwa chini ya 4, au kipimo hakipo na dalili ni hizo, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado, rudieni, ikipanda ale chakula. Akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, na bebeni dawa zake zote.