Jean Grey Hakupangiwa Kufa, Jamani

Kila anayemaliza The Dark Phoenix Saga, kitabu cha vibonzo vya X-Men, kwa mara ya kwanza hunijia na maneno yaleyale: "Jamaa walipanga kila kitu tangu mwanzo, mpaka kifo cha Jean." Hawakupanga. Mimi ni mtunzi na mchoraji wa vibonzo vya mfululizo, na habari hii imenifika hapa, kooni.

Kitabu hicho ni matoleo 10 ya Uncanny X-Men, kuanzia la 129 hadi la 138, yaliyotoka mwezi baada ya mwezi mwaka 1980. X-Men ni kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, na Jean Grey ni mmoja wao. Chris Claremont aliandika, John Byrne alichora na kushiriki kutunga, Terry Austin akatia wino. Kukusanywa kuwa kitabu kimoja kulikuja baadaye. Ndiyo maana wahusika wanajitajia nguvu zao katikati ya ngumi: kila toleo lilikuwa la kwanza kwa msomaji fulani. Lakini si kila kitu nitamtetea Claremont. Byrne anachora uso uliojaa hofu, Claremont anabandika kisanduku cha maneno kutuarifu kwamba mtu huyu anaogopa. Tumeona, bwana.

Sasa kifo. Katika toleo la 135 Jean, aliyeharibiwa na nguvu kubwa ziitwazo Phoenix, anameza nyota, na sayari ya D'Bari yenye watu bilioni 5 inateketea. Watunzi walikusudia Shi'ar, dola ya viumbe wa anga za mbali, imnyang'anye nguvu, abaki binadamu wa kawaida. Toleo la 137 lilikuwa limeshachorwa hivyo. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel, akagoma: muuaji wa halaiki hawezi kwenda zake hivihivi. Kurasa za mwisho zikachorwa upya, Jean akajiua mwezini. Mwisho ule wa awali ulichapishwa mwaka 1984 katika Phoenix: The Untold Story. Usome kwanza, ndipo tubishane.

"Na zile dalili?" Zipo, sikatai. Kuharibika kwa Jean kulipangwa, tena kwa subira: Mastermind, mwovu anayewaonyesha watu mambo yasiyokuwepo, anaanza kumchezea akili kabla ya toleo la 129, na nguvu za Phoenix alizipata tangu 1976. Kwa hiyo mkusanyo unakuingiza katikati ya ulaghai ambao mwanzo wake haumo kitabuni, kisha watu wanausifu kwa kukamilika! Mtunzi wa mfululizo huacha milango mingi wazi kwa sababu hajui mwezi ujao atatokea upi. Ukishajua alikotokea, ile mingine huikumbuki.

Kingine mkusanyo unachokula ni kusubiri. Toleo la 132 linafungwa na Wolverine, mmoja wa X-Men, ndani ya mtaro wa maji machafu chini ya Hellfire Club, klabu ya matajiri waovu, wenzake wote wametekwa, uso wake umeinuka kutoka majini. Wino wa Austin pale ni mzito mpaka unausikia unyevu. Wasomaji wa 1980 walikaa na uso ule mwezi mzima. Wewe unafunua ukurasa, tayari anararua walinzi. Ukifika hapo, funga kitabu ulale. Sitanii.

Je, mwisho wa Shooter ni bora? Hapa nayumba. Jean anayejichagulia kifo ana uzito kuliko Jean anayefanyiwa upasuaji wa akili. Lakini miisho yote miwili inamjibu vilevile mwanamke aliyepata nguvu kuliko kikosi kizima: nguvu zimtoke, au atoke yeye. Halafu mwaka 1986 Marvel ikamrudisha, ikadai aliyekufa mwezini hakuwa Jean bali Phoenix aliyejivika umbo lake. Basi ule ubishi wote wa hatia na adhabu ukabaki hauna mshtakiwa.

Toleo la 138 ni mazishi, na karibu lote ni Cyclops, mpenzi wa Jean, akisimulia upya historia ya X-Men. Kama unazijua hadithi za zamani, soma kurasa za mwanzo na za mwisho, zilizobaki ruka.