Muhtasari wa kikao cha wazee wa kanisa sio hati ya Baraza la Ndoa

Kila ikifika tarehe 25 Novemba, siku 16 za kupinga ukatili zinaanza na simu ya dawati letu haipumziki mpaka tarehe 10 Desemba, sasa mwaka huu naomba tuelewane mapema maana ishu ni ileile. Mimi ni mwanasheria kwenye kitengo cha msaada wa kisheria cha taasisi ya kanisa. Haya ni maelezo ya jumla tu, kesi yako ina mambo yake, njoo tukae tuongee.

Juzi kaja mama mmoja na bahasha ya kaki. Ndani kurasa saba za mkono, muhuri wa usharika kila ukurasa, ajenda ya kwanza kufungua kwa sala, ya mwisho "wanandoa wameshikana mikono na kuombewa". Ameitwa na wazee wa kanisa mara tatu. Jino la mbele halipo. Ananiuliza, hii si inatosha kufungulia kesi ya talaka? Haitoshi mama yangu. Na nimesoma mstari kwa mstari, hakuna pahali pametajwa kipigo, wameandika "kutoelewana".

Utaratibu uko hivi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kwa wengi wetu ni lile la kata. Chombo cha dini nacho kinaweza kuwa Baraza ila mpaka waziri awe amekiteua, kwa hiyo usidhani tu kwa sababu mchungaji ana muhuri, uliza. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ile Fomu namba 3, na ndiyo inaambatanishwa na maombi ya talaka mahakamani, na siku unapofungua iwe haijapita miezi 6 toka itolewe. Ikipita unaanza upya. Ndoa ikiwa haijafika miaka 2 unaomba kwanza ruhusa ya mahakama. Kama mwenzio amekutelekeza na hujui alipo, Baraza sio lazima. Wanaokwama wengi ni hapo kwenye miezi 6, mtu ana hati mkononi, anaambiwa tufunge kwanza tuombe, mara wajomba wanataka kikao chao, mara Pasaka, muda umekwisha.

Lakini hiyo ni talaka. Kipigo ni jinai, hakisubiri Baraza wala kikao. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, awe mume awe mke, imeandikwa toka 1971 na bado kuna baba anakuja ofisini kunifungulia Waefeso 5:22 utadhani sura inaishia pale, mstari wa 25, unaowaambia waume wawapende wake zao, hajawahi kuufika! Kanuni ya Adhabu kifungu cha 241, kumdhuru mtu mwili, mpaka miaka 5. Kifungu cha 225, madhara makubwa, mpaka miaka 7. Mapatano yanaweza kuruhusiwa kwenye shambulio dogo, ila anayeyaruhusu ni hakimu.

Ubakaji ndio kabisa haupatanishwi. Adhabu haipungui miaka 30, mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha, halafu nasikia familia mbili zimekaa wakakubaliana mbuzi wawili na mchungaji kaitwa kufunga kwa sala. Jamani. Aliyebakwa asiogeshwe, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi maana kwenye rambo zinaota ukungu, afike hospitali ndani ya saa 72 ili awahi dawa za kinga ya VVU. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inatoka polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ila kama anavuja damu aanze hospitali.

Kuna sura haisomwi sana ibadani, 2 Samweli 13, Tamari anabakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja. Mwaka 2000 kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilianza Kampeni ya Tamari, wanawake wanakaa kwenye vikundi wanaisoma hiyo sura taratibu. Mimi huwa nakwama kwa Absalomu, kaka yake Tamari mwingine. Alimpenda dada yake, akamchukua nyumbani kwake, na neno alilompa ni nyamaza. Wazee wetu ni haohao, nia njema wanayo.

Alhamisi tunavaa nyeusi, kampeni ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, chimbuko lake ni ule muongo, yaani miaka kumi, wa makanisa kusimama na wanawake, 1988 hadi 1998. Navaa na mimi. Ila nikiomba akina mama wawili wa Umoja wa Wanawake wamsindikize mwenzao kituoni Jumatatu, mmoja ambebee mtoto, mwingine aandike namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa polisi, maana aliyepigwa hakumbuki kitu, wote wana kwaya. Na huyo aliyepigwa anaogopa akiondoka nyumbani atatengwa meza ya Bwana, wakati aliyemng'oa jino anakunywa kikombe kila mwezi.

Ile bahasha sijaitupa. Ina tarehe tatu alizolalamika, mahakamani itatusaidia. Wazee nao wamekubali kuja kutoa ushahidi, nimewaomba jambo moja tu, wakisimama kizimbani waseme kipigo.